Naomba ushauri: nisaini damu ya mwanangu itumike kwenye utafiti wa vinasaba?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 6, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Juzi kliniki tulipewa fomu ya kurasa nne, wanaomba damu yake kwa utafiti wa vinasaba. Nimeisoma mara tatu. Kinachonikwamisha ni mstari mmoja: sampuli itahifadhiwa kwa "tafiti zijazo" na huenda ikapelekwa nje ya nchi. Tafiti zipi? Nesi naye hakuwa na jibu.

Nawaza habari ya Henrietta Lacks wa Marekani. Mwaka 1951 seli zake zilichukuliwa bila ridhaa, zikasambaa maabara za dunia nzima, na familia yake ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kujua.

Lakini pia bila damu za watoto kama wangu tiba haiji. Ile tiba ya selimundu ya kuhariri jeni, yaani kurekebisha vinasaba vya mgonjwa, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, imetokana na tafiti za namna hii, japo Marekani inauzwa dola milioni 2.2 na sisi hatuifikii kabisa. Hilo linaniuma.

Waliowahi kusaini, inawezekana kukubali utafiti huu mmoja na kukataa sampuli kuhifadhiwa? Na mtoto akikua akataka iteketezwe, atasikilizwa? Fomu narudisha Jumatatu.