Viporo vya vitabu, muvi na magemu mnavimalizaje?

Swali: Wakuu habari, nina viporo kibao, vitabu nimeishia katikati, muvi zimejaa kwenye flashi, gemu la The Witcher 3 sijafika hata nusu na kila wikiendi naanza kitu kipya. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na vifupi mkuu. Nagona ya Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba ila kizito, kisome taratibu halafu unganisha na Mzingile maana vinaendana. Gemu hilo hadithi yake tu ni masaa kama 50, liachie likizo.

Jibu: Naongezea, muvi isiyokushika nusu saa ya kwanza futa tu. Kitabu usikihukumu haraka hivyo, vingine vinakolea mbele.

Muulizaji: Asanteni sana, leo usiku naanza na Nagona.