Mrejesho: mafuta ya ndimu na madoa ya shingoni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kwa nini shingo yangu ilibabuka, kisha ikaacha madoa meusi, baada ya kujipaka mafuta ya kunukia ya ndimu niliyochanganya na mafuta ya nazi na kushinda juani sokoni Jinja.

Daktari wa ngozi niliyemwona Kampala alithibitisha mlichoniambia wengi wenu: mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la ndimu bila moto yana furanokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na miale ya urujuanimno huunguza ngozi, na jua letu la ikweta halina huruma. Yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tatizo hilo. Chupa yangu, kwa bahati mbaya, haikueleza lolote.

Kosa langu kubwa lilikuwa kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa manukato unaweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa mafuta ya ndimu ya kukamuliwa yanayobaki kwenye ngozi iliyo wazi, yaani takriban matone 14 katika mililita 100, nami nilitia kijiko kizima!

Madoa yanafifia polepole. Sasa natumia ya mchungwa mtamu, na shingo naifunika kwa leso.