Binti wa miaka 6 anayekataa kila agizo

Mama wa Jinja: Ndugu wazazi, binti yangu hukataa kuoga na kulala kila ninapomwagiza, na mwalimu wake amenishauri nimchape. Nifanyeje?

Baba wa Mbale: Usimchape, dada. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni hapa Uganda, hivyo ushauri huo, tena wa mwalimu, unashangaza. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya mambo mawili unayoyakubali wewe mwenyewe, kwa mfano aoge kabla ya kula matoke au baada yake, kwani mtoto aliyechagua hana sababu kubwa ya kushindana.

Bibi wa Arua: Ukishaamua, mwanangu, usigeuzwe na kilio, akishinda leo kwa kulia, kesho atalia zaidi.

Mama wa Jinja: Asanteni. Jana alichagua baada ya kula, akaoga, ingawa kwa kununa.