Shirika letu linataka kuwa "la bei nafuu" kwa ndege za viti 50. Tunadanganywa na sitanyamaza

Wakuu,

Nina hasira tangu juzi na nimeona niimwage hapa, maana kazini kila anayefungua mdomo anaambiwa ana roho ya kukatisha tamaa.

Niko kwenye upangaji wa ratiba wa shirika dogo la ndege la kikanda. Silitaji. Miaka yote niliyokuwepo tumeruka kwa niaba ya shirika kubwa: ndege tunaendesha sisi, marubani na wahudumu ni wetu, lakini rangi za mkiani ni zao, tiketi wanauza wao, abiria ni wao. Juzi tumeitwa ukumbini, tukaambiwa mkataba hautaongezwa na kwamba hiyo ni habari njema, kwa sababu sasa tunakuwa "huru". Tunageuka shirika la bei nafuu linalojitegemea. Kwa ndege zilezile! Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanaopiga makofi ni wenzangu, wana watoto, wana mikopo, na hakuna aliyewaeleza wanapelekwa wapi.

Kwa asiyejua biashara hii inavyokwenda: shirika kubwa linatulipa kwa kila safari tunayoruka, ndege ijae au iondoke na abiria tisa. Mafuta yako juu yao. Nauli wanapanga wao, hasara ya viti vitupu wanabeba wao. Sisi kazi yetu ni moja, ndege iondoke kwa wakati na ifike salama. Faida ni ndogo lakini unalala nayo usingizi. Siku unapokata mkataba huo, yote hayo yanahamia kwako asubuhi moja.

Na hizi ndege za viti 50, hakuna mtu aliyepiga hesabu akaona 50 ndiyo idadi yenye faida. Kule Marekani marubani wa mashirika makubwa, kupitia vyama vyao, waliweka kwenye mikataba kikomo cha ukubwa wa jeti ambazo kazi yake inaweza kupewa mashirika madogo. Kwa mashirika mengi kikomo kilikuwa viti 50. Jeti za viti 50 kama CRJ200 na ERJ-145 zikanunuliwa kwa mamia kwa sababu zinaingia humo. Ni ndege zilizoshamiri kwa ajili ya mkataba, mtu mwingine akilipa mafuta. Ukizitoa nje ya mkataba zinakuwa mzigo.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. CRJ200 ina marubani wawili kwa viti 50, yaani rubani mmoja kwa viti 25. Airbus A319 yenye viti 132 ina marubani wawili vilevile, rubani mmoja kwa viti 66. Injini ni mbili kwa mbili. Kaunta, watu wa mizigo, fundi wa kukagua ndege usiku, vyote vinagawanywa kwa viti. Sasa niambieni, mtu anayegawa kwa 50 atauzaje kiti kwa bei ya mtu anayegawa kwa 132 na abaki hai? Nimeuliza swali hili kwa maandishi. Nimejibiwa kwamba "gharama zetu zitashuka kwa ubunifu".

Halafu jambo hili limeshajaribiwa, na ndiyo maana nasema tunadanganywa. Wakubwa wetu si watoto, historia hii wanaijua.

Atlantic Coast Airlines lilikuwa shirika la kikanda lenye makao kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, nje kidogo ya Washington. Liliruka kwa niaba ya shirika kubwa la United, kwa jina la United Express, na baadaye kwa niaba ya Delta pia, kwa jina la Delta Connection. Desemba 2002 United iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikaanza kuwabana washirika wake wadogo wapunguze bei. Atlantic Coast wakagoma. Julai 2003 wakatangaza kwamba watajitenga na kuwa shirika la bei nafuu linalojitegemea, papo hapo Dulles, uso kwa uso na mteja wao wa jana. Oktoba mwaka huo Mesa, shirika jingine la kikanda, ikaja na ofa ya kuwanunua ili waendelee na kazi ya United. Bodi ikapigana nayo, na Desemba Mesa ikajitoa. Wakajipa jina Independence Air, na tarehe 16 Juni 2004 wakaanza kuruka.

Walikuwa na CRJ zaidi ya 80. Wakazimwaga Dulles zikaruka mamia ya safari kwa siku. Nendeni mkaangalie miji waliyokuwa wakihudumia: Burlington, Savannah, Charleston ya West Virginia. Chini ya United, abiria wa Charleston alikuwa anapita Dulles akielekea London au Tokyo, na kiti chake kilijazwa na safari ndefu iliyokuwa mbele yake. Chini ya Independence Air huyo abiria hakuwepo tena. Kilichobaki ni watu wanaokwenda Washington kwenyewe, na mji mdogo hauna watu hao wa kutosha kujaza ndege kadhaa kila siku, hata nauli iwe chee kiasi gani. Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi kama mpanga ratiba, kwa sababu ratiba mpya tuliyopewa tuiandae ni ileile ya zamani. Miji ileile, idadi ileile ya safari. Wanadhani abiria ni mali ya ruti. Abiria alikuwa mali ya mtandao, na mtandao haukuwa wetu.

United nayo haikukaa kutazama. Ilishusha nauli zake pale Dulles, na ikaleta tawi lake la bei nafuu, Ted, likiruka kwa Airbus A320. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapo, Southwest, shirika la bei nafuu, walikuwa wamejikita Baltimore tangu 1993 kwa Boeing 737. Independence Air walikuwa wameagiza Airbus pia, na A319 zilianza kuingia baadaye mwaka 2004, lakini wakati huo CRJ zilikuwa tayari zinakula akiba. Novemba 2005 wakafilisika. Safari ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Januari 2006. Miezi 18 na ushee, basi.

Pale ukumbini mkubwa mmoja alisema "wale waliangushwa na bei ya mafuta, ilikuwa bahati mbaya." Hapo ndipo nilipotetemeka. Ni kweli mafuta yalipanda, na baada ya kimbunga Katrina, Agosti 2005, pipa lilivuka dola 70. Lakini chini ya mkataba wa zamani kupanda huko kungekuwa tatizo la United! Hatari ya mafuta haikuwaangukia kutoka mbinguni. Waliifuata, wakaibeba kwa hiari, kwa ndege inayokunywa vibaya kwa kila kiti. Huwezi kuvua koti lako kwenye baridi halafu ukalalamikia hali ya hewa.

Na kama mtu bado anaamini ni bahati mbaya, aangalie ExpressJet, shirika la kikanda lililoruka kwa niaba ya Continental, shirika kubwa la Marekani wakati huo. Continental iliwapunguzia kazi ya ndege 69. Aprili 2007 wakaanza kuruka kwa jina lao wenyewe kwa ERJ-145, viti 50 vilevile. Mwanzoni mwa Septemba 2008, baada ya pipa kugusa dola 147, wakafunga safari hizo. Mashirika mawili tofauti, ndege za ukubwa uleule, mwisho uleule.

Najua kuna atakayeniletea Ryanair, lile shirika la bei nafuu la Ulaya, maana hata ukumbini waliitaja. Tuitaje basi kwa ukamilifu. Ryanair ilianza 1985 kwa ndege ndogo aina ya Bandeirante ya viti 15 kati ya Waterford na Gatwick, ndiyo. Lakini haikuwa shirika la bei nafuu lenye faida kwa vindege hivyo. Ilipoteza pesa miaka ya mwanzo, ikajifunza kwa Southwest, na 1994 ikaanza kuingiza Boeing 737. Ndege ndogo zikaondolewa. Sisi tunaambiwa tuwe Ryanair kwa kubaki na kile ambacho Ryanair ilikitupa.

Sijasema shirika dogo lisijitegemee milele. Wangekuja wakasema: mkataba unaisha, tunarudisha nusu ya ndege kwa waliotukodisha, tunatafuta chache kubwa, tunaanza na ruti sita tunazojua zina watu, ningekuwa wa kwanza kukesha kazini. Ingekuwa chungu lakini ni kweli. Walichotuletea ni rangi mpya za mkiani na sare mpya. Muda wa kuchagua rangi ya sare waliupata. Muda wa kukaa na wapanga ratiba nusu saa hawakuupata.

Kibaya zaidi, tumeombwa tukubali mishahara isiyopanda kwa miaka miwili "kama mchango wetu kwenye uhuru", na sehemu ya bonasi tupewe kwa hisa. Hisa za kampuni inayokwenda kuuza kwa hasara! Mafundi wetu wawili wa muda mrefu wamebakiza kidogo kustaafu na wamesaini palepale.

Kikao kingine ni Ijumaa. Nitasimama na maswali mawili tu: mafuta yakipanda nani analipa, na ndege kubwa zinakuja mwezi gani. Nataka yajibiwe mbele ya wote na yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwa mliowahi kufanya kazi shirika likafilisika, nawaomba mniambie: malimbikizo yenu na mafao mlilipwa, au wenye ndege na benki walichukua vyote kwanza? Na mliosaini kupokea hisa, kulikuwa na njia ya kujitoa baadaye? Nataka niwapelekee wale wazee wawili jibu kabla ya Ijumaa.