Nafundishaje mfumo wa nauli bila darasa kuishia kwenye "tutaweka enkripsheni"?

mwalimu_wa_jioni: Wakuu habari. Nafundisha tehama chuo hapa Dar, muhula huu nimewapa wanafunzi wabuni kadi moja ya kulipia mwendokasi, daladala na kivuko. Sasa kila kundi linaniletea kitu kilekile, abiria ajisajili jina, namba ya NIDA, simu na picha, nikiuliza picha ya nini wananikodolea macho tu. Usalama wanasema "tutaweka enkripsheni", yaani kufumba data isisomeke bila ufunguo, wamemaliza. Naanzia wapi?

kituo_cha_mwisho: Mkuu anza na kadi iliyovunjwa. Chipu ya kadi inaitwa MIFARE Classic ndo ilikuwa inabeba nauli London na Uholanzi, kanuni yake ya kufumba data siri na ufunguo biti 48 tu, 2008 watafiti wa chuo cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, wakaichambua mpaka wakaweza kunakili kadi. Mtengenezaji akakimbilia mahakamani wasichapishe, akashindwa. Na salio lisikae kwenye kadi peke yake, seva nayo ihesabu.

mama_wawili: Sawa ila na faragha jamani. Mimi nilipanda basi la mkoani chenji hakuna, nikamrushia konda nauli kwenye simu yake, jina na namba yangu vyote akaviona. Saa tatu usiku meseji, "dada wa siti ya dirishani ulifika salama?" Nikaibloku. Konda anatakiwa ajue nauli imeingia, basi.

tarakimu_nane: Nakazia hapo kwa mama. Watengenezee faili la safari za kubuni, namba za simu za kubuni zipitishe SHA-256 (fomula inayogeuza namba kuwa msururu wa herufi usiorudishika nyuma) halafu waambie zimefichwa. Namba inayoanza 07 inabakiwa na tarakimu 8, yaani milioni 100 tu, laptop ya mwanafunzi inazijaribu zote chai haijapoa. Wakishashtuka, futa namba kabisa acha kituo na saa. Anayepanda Kimara saa 11 na dakika 10 alfajiri kila siku ya kazi akashukia Kivukoni, si jirani yako huyo? Melbourne, Australia, 2018 waliachia data za kadi za nauli kama milioni 15 bila majina, watafiti wakajitafuta wakajikuta, na mbunge mmoja wa bunge la jimbo la Victoria wakamkuta kwa kulinganisha na twiti zake. Ukimaliza hapo ndo uwasomee Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ukianza na sheria watasinzia.

mwalimu_wa_jioni: Daah hiyo ya SHA naifanya Jumatatu. Ila abiria akipoteza kadi yenye elfu ishirini na haina jina, anarudishiwaje? Najua wataniuliza.

kituo_cha_mwisho: Mpe namba ya siri kwenye risiti siku anayonunua kadi, akija nayo salio linahamia kadi mpya. Risiti akiifungia maandazi ndo hivyo tena. Oyster yenyewe, kadi ya nauli ya London, unanunua bila kujisajili, anayetaka salio lake lilindwe anajisajili kwa hiari.

mama_wawili: Hiyo namba iwe fupi bas, maana risiti za huku wino unafutika wiki moja tu.