Ovaholi ya injini ya rota (13B): silikoni, grisi na mafuta ya mgando vipakwe wapi?

Kipimamilimita aliuliza:

Wakuu, salamu kwenu. Nimeifungua injini ya rota (isiyo na pistoni) aina ya 13B iliyotoka kwenye Mazda RX-7 ya mwaka 1989, baada ya kuona mapovu kwenye chupa ya kulanti (maji ya kupozea injini) na moshi mweupe kila nilipoiwasha ikiwa imelala usiku kucha. Nyumba mbili za rota, zile za aluminiamu, zimepimwa na bado zinafaa, kromu yake haijabanduka, na seti mpya ya sili, springi na oringi ninayo mezani.

Kinachonikwamisha ni vitu vya kupaka. Nimekulia kwenye injini za pistoni, ambako gasketi ya silinda hedi hufungwa kavu na silikoni huishia kwenye sampu. Hapa injini nzima ni matabaka matano, yaani pleti tatu za chuma cha kusubu na nyumba mbili za rota kati yake, yaliyobanwa pamoja kwa bolti ndefu bila gasketi hata moja. Aliyeifunga kabla yangu alijaza silikoni nyekundu kila palipo na uso wa chuma, na nimekuta vipande vyake vimenasa kwenye chujio la oili ndani ya sampu. Sitaki kurudia kosa hilo, lakini pia sitaki kufunga kavu kisha oili ianze kuvuja. Naomba kuelekezwa: silikoni ipakwe wapi na isiguse wapi kabisa, oringi za maji zipakwe nini, na sili za rota zishikiliwe kwa kitu gani wakati wa kupanga, kwa kuwa wengine husema grisi na wengine mafuta ya mgando.

Matabaka_Matano alijibu:

Ndugu, kabla ya kufungua chupa yoyote, chunguza mifereji ya oringi za maji. Kwenye injini za kuanzia 1986 mifereji hiyo imechongwa kwenye pleti za chuma, si kwenye nyumba za rota kama zilivyokuwa za awali, na ukuta mwembamba unaotenganisha mfereji wa ndani na njia ya maji huliwa na kutu hadi ukamegeka. Mapovu uliyoyaona ni gesi ya mwako iliyopita kwenye oringi ya ndani, na pengine chanzo chake ndicho hicho. Ukuta ukiwa umemegeka, hakuna kitu cha kupaka kitakachokuokoa. Pleti hiyo ibadilishwe au ipelekwe kwa anayeweza kuijaza na kuichonga upya.

Sasa silikoni. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, kwa hiyo kila injini inapopata moto na kupoa, nyuso za matabaka hayo husuguana kidogo sana. Silikoni iliyokauka ikiwa nene kati yake hukatika na kumeguka, na vipande vyake ndivyo ulivyovikuta kwenye chujio. Ubaya wa pili hauonekani kwa macho: chuma kinatakiwa kigusane na chuma. Ukiweka tabaka la silikoni kati ya nyuso, oringi haibanwi kwa kiwango kilichokusudiwa, na injini unayodhani umeiziba maradufu inakuwa imezibwa nusu.

Kwa hiyo paka sehemu za nje ya oringi ya nje tu, hasa kwenye miguu ya chini ya nyumba za rota, ambako oili ya sampu hupanda kati ya nyuso, na kuzunguka matundu ya pini za kulenga zenye uwazi ndani. Pini moja kati ya hizo ni njia ya oili yenye shinikizo, na oringi zake ndogo zisisahauliwe. Kitabu cha ufundi cha Mazda huonyesha sehemu hizo kwa kivuli. Fuata kivuli hicho wala usiongeze. Unene uwe wa utando unaouona rangi yake kwa shida. Usipake chochote karibu na njia za maji.

Mimi situmii silikoni hapo kwa sababu ya muda. Silikoni nyingi huanza kuganda juu baada ya dakika kumi hivi, na kupanga matabaka matano kwa utulivu huchukua zaidi ya hapo. Natumia kizibo cha Hylomar ya buluu, ambacho ni cha poliurethani, iliyobuniwa kwa kushirikiana na Rolls-Royce kwa ajili ya injini za ndege, na sifa yake kubwa ni kwamba haikauki ikawa ngumu. Nyuso zikisogea, nayo husogea.

Kwenye sampu, silikoni inaruhusiwa, ila iwe ile isiyonuka siki, kwa kuwa yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula chuma. Chora uzi mmoja usiokatika, upite upande wa ndani wa kila tundu la bolti, kisha uiache siku nzima kabla ya kumimina oili.

Mkono_Mwepesi alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu, nami niongezee kuhusu kushikilia sili, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotumia grisi kwa mazoea.

Injini hii hupangwa ikiwa imesimama, pleti ya mbele ikiwa chini. Rota ikishushwa, sili za kona na za ubavu za upande wa chini huwa zinatazama sakafu, na bila kitu cha kuzinata zitadondoka. Vilevile pleti ya kati na ya nyuma hushushwa mifereji yake ya oringi ikiwa imeangalia chini. Pleti ya mbele haina shida hiyo; oringi zake hukaa zenyewe.

Kwenye sili za rota tumia mafuta ya mgando, na sababu yake ni kwamba kazi yake inakwisha mara injini inapowaka. Yanayeyuka kwa joto dogo, yanachanganyika na oili na kuungua bila kuacha kitu. Grisi ya kawaida imetengenezwa kwa sabuni ya lithiamu au ya kalisi inayoishikilia oili isitiririke; oili ikiungua, sabuni hubaki. Sili ya ubavu ina nafasi ya mm 0.05 hadi 0.15 tu kati yake na sili ya kona, na springi iliyo chini yake ni utepe mwembamba wa chuma. Masalia ya grisi yakigeuka masizi humo, sili haitapanda na kushuka kwa uhuru, na utapoteza kompresheni kwenye injini mpya kabisa. Hata mafuta ya mgando yenyewe ni kidogo tu, kiasi cha kulowesha sakafu ya mfereji. Nimewahi kumwona mtu akiyajaza kama anayepaka siagi. Sili zilikaa juu juu na rota ikakataa kuingia.

Oringi za maji ni suala jingine. Mpira wa aina ya EPDM huvimba ukikutana na mafuta yatokanayo na petroli, na mafuta ya mgando yamo katika kundi hilo. Kama hujui seti yako ni ya mpira gani, tumia Hylomar kidogo ndani ya mfereji, iache dakika chache itoe kimiminika chake na inate, ndipo ulaze oringi. Oringi za pete za oili kwenye rota, kwa upande wake, zilowekwe oili safi ya injini, maana hizo zimetengenezwa kukaa ndani ya oili.

Kipimamilimita aliandika:

Nawashukuru. Nimekagua mifereji: pleti ya nyuma ina ukuta uliomegeka kama sentimita mbili karibu na plagi. Nimeanza kutafuta nyingine. Je, beringi na uso wa kromu navyo vinahitaji kitu maalumu, na bolti ndefu zifungwe kavu?

Shafti_Kuu alijibu:

Beringi za rota na zile za gia zisizozunguka zipakwe mafuta mazito ya kufungia injini, yanayoganda mahali pake hata injini ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa. Uso wa kromu na sili za ncha nipendavyo ni kuvipaka oili ya injini za tustroki, kwa kuwa imetengenezwa iungue; ile yenye daraja la JASO FD (kiwango cha Kijapani cha oili) hutoa moshi kidogo.

Bolti ndefu usizifunge kavu. Uzi wake upakwe oili ya injini, na washa zenye mpira ziwe mpya, kwani uzi mkavu hula sehemu ya nguvu ya spana kwa msuguano na mkono wa spana unakudanganya. Kwa 13B nguvu ni Nm 31 hadi 39, kwa mpangilio wa kitabu na kwa awamu mbili au tatu, huku ukiizungusha shafti kwa mkono baada ya kila awamu. Nati ya flaiwili ina mambo yake: gundi ya kushikilia uzi kwenye uzi, na kizibo chembamba kwenye uso unaogusa flaiwili, kwa sababu oili hupenya kwa kufuata shafti hadi kwenye klachi. Nati hiyo inahitaji zaidi ya Nm 390.

Jambo linaloumiza wengi ni oringi ndogo iliyo nyuma ya kava la mbele, kwenye njia ya oili. Gasketi ya kava ikiwa nene, oringi haibanwi vya kutosha. Ikichomoka, shinikizo la oili linaporomoka ghafla. Hakikisha imechomoza juu ya uso kabla ya kufunga, na silikoni isisogelee tundu hilo. Ukifika hapo, angalia pia kuwa beringi ya sindano ya mbele haijateleza kutoka kwenye spesa yake. Kaza bolti ya mbele kisha pima mchezo wa shafti (nafasi yake ya kwenda mbele na nyuma), ambao unatakiwa uwe mm 0.04 hadi 0.07.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, katisha umeme wa injekta, kisha izungushe kwa stata kwa vipindi vifupi hadi shinikizo la oili lionekane. Kwa matangi ya kwanza mimi huchanganya oili ya tustroki ml 5 hadi 8 kwa kila lita ya petroli, hata kama pampu ya oili ya sili inafanya kazi. Itakapowaka itatoa moshi mwingi kwa dakika kadhaa. Hayo ni mafuta ya mgando yanayoungua, usiizime kwa hofu. Moshi ukibaki mweupe na wenye harufu tamu baada ya injini kupata joto, hapo ndipo uzime, kwa kuwa hiyo ni kulanti.