Kamati ya wahitimu wa bweni letu Moshi: tangi mmelibwaga chini, sufuria mmelikorogea zege, halafu mnatuuzia tiketi?

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu tangu juzi. Leo acha utoke hivyo hivyo na hasira zake. Chuo sikitaji, bweni silitaji. Waliolala pale watajua kabla hawajafika katikati. Na nyie wajumbe wa kamati, najua mmo humu na ID zenu za kujificha, msinifuate PM kunibembeleza. Jibuni hapa hapa watu waone.

Kwa wasioelewa kwa nini mtu mzima anakasirika kwa ajili ya sufuria, nianzie mbali kidogo.

Niliingia pale 2009 nikitokea Kasulu, siku mbili njiani, begi moja na ndoo. Kitanda tulilala kwa kubebana mimi na mshikaji mmoja wa Newala, maana yeye hakupangiwa chumba. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa kama kawaida yake. Desemba ikafika. Moshi ya Desemba mnaijua: Wachaga wanarudi kuhesabiwa, stendi haipitiki, magari yanapandisha Kibosho na Machame buti zimejaa soda na mbuzi. Mji mzima unanukia nyama. Sisi wa Kigoma, Lindi na Songea, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inamaliza hela ya kula ya muhula, basi tukabaki bwenini, vichwa kumi na tisa. Kafeteria imefungwa. Krismasi yangu ya kwanza chuoni nilikula ugali na maharage yaliyolala, tukisikiliza muziki wa nyumba ya jirani.

Tarehe 27 asubuhi ikaingia pikapu. Wakashuka watu wazima, kama wanane hivi, wengine na watoto wao. Wote waliwahi kulala pale. Wakashusha mikungu miwili ya mshare na mbuzi, wakaenda stoo kutoa sufuria kubwa la shughuli, wakainjika jiko la mafiga nyuma ya bloku. Tukamenya ndizi wote. Mimi Muha, nimekulia migebuka na ugali wa muhogo. Kisusio, ile supu ya Kichaga yenye damu ya mbuzi, nilikiona siku ile kwa mara ya kwanza, nikajifanya nimeshiba. (Siku hizi nakunywa bakuli mbili, usinione.)

Chakula kilipoiva, yule mzee aliyeonekana ndiye mwenye cheo kuliko wote akachukua jagi na beseni akaanza kutunawisha. Sisi, fasti yia, tulioketi kwenye vimbweta na ndala zetu. Nikataka kusimama kwa heshima. Akaniambia, "Kaa mdogo wangu, unanimwagia maji."

Ndiyo mila yenyewe. Hakuna aliyeiandika popote. Wa zamani ananawisha, mgeni anakula kwanza, na watu wanakutana tarehe 27 kwa sababu ndiyo siku ambayo wa zamani wengi wako Moshi tayari na waliobaki bwenini wana njaa. Na kila finalisti kabla hajaondoka anachukua msumari anachonga jina lake ubavuni mwa sufuria. Langu liko karibu na mkono wa kushoto, 2012, herufi ya mwisho imepinda maana msumari uliteleza. Nimerudi karibu kila mwaka tangu nihamie Arusha kikazi. Kilomita themanini, naamka asubuhi, jioni niko nyumbani. Nimenawisha watoto wa Tandahimba, wa Kibondo, wa Mbinga. Hakuna mwaka niliwahi kuulizwa kadi ya mwaliko.

Kisha likaja grupu la WhatsApp.

Mwanzoni lilikuwa zuri, nisiwe mnafiki. Tulipatana watu tuliopoteana. Halafu siku moja tunaamka tuna kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na "mratibu wa itifaki". Itifaki ya kumenya ndizi sijui ni ipi. Nani aliwachagua? Waliitana kwenye kikao Jumamosi moja, sisi tukatumiwa picha wameshakaa meza kuu na chupa za maji mbele yao.

Mwaka juzi wakaleta hoja ya maji. Hoja yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa. Moshi haina shida ya maji kama miji mingine, lakini mabomba ya lile jengo ni ya zamani, presha haifiki juu, na ghorofa ya pili maji yanatoka usiku wa manane yakijisikia. Nimebeba ndoo ngazi zile miaka mitatu, sihitaji kuelezwa. Wakasema tuchange 50,000 kila mtu tununue tangi la lita 5,000. Tukachanga watu 129. Piga mwenyewe: 6,450,000. Pesa zilikwenda namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea ukituma ni la mwanamke ambaye hajawahi kulala lile bweni hata usiku mmoja. Nikauliza ni nani, nikaambiwa "ni shemeji yetu, kuwa na amani".

Baada ya kelele za miezi saba wakatuma mchanganuo. Naunakili kama ulivyokuja: tangi na usafiri wake 1,450,000. Fulana na bango 1,600,000. Vikao vya kamati 1,100,000. Mengineyo 2,300,000.

Mengineyo, wakuu! Mengineyo ni kubwa kuliko tangi! Mimi kazi yangu ni mahesabu, nalipwa kwa kusoma makaratasi ya watu, na sijawahi kuona "mengineyo" inayomzidi mwenye shughuli. Kama ni mazishi, hapo marehemu kazikwa kwa laki moja na wapambe wamekula milioni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na msiba Kibosho, wakati wa kushuka nikapitia bwenini. Mlinzi ni yule yule mzee.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Umekuja kuangalia tangi lenu?" Akacheka. Nikajua kuna jambo.

Tangi liko nyuma ya bloku, limekaa chini kwenye udongo. Halina mnara, halina bomba linaloingia wala linalotoka. Nailoni ya dukani bado imelizunguka kiunoni, imeanza kuchanika kwa jua. Kuna mtu ameanika soksi juu yake. Ubavuni limebandikwa karatasi gumu lenye picha za viongozi wa kamati watano na maneno "ZAWADI YETU KWA WADOGO ZETU". Pembeni yake, mbele ya macho yangu, mabinti wawili wanapita na ndoo kichwani kutoka bomba la jikoni. Nyie wasomi, maji hayapandi ghorofa kwa maombi. Tangi lazima likae juu kuliko mabomba linayoyahudumia, hata fundi wa mtaani wa Pasua atakwambia bila kumlipa. Pesa ya mnara, mabomba na pampu ilikuwemo kwenye ile milioni sita. Iko kwenye fulana.

Nikamuuliza mzee, sufuria je? Akanyamaza kidogo. Akaniambia, "Mafundi waliazima."

Korido zilikuwa zinakarabatiwa ili kamati ipige picha za uzinduzi. Mafundi walikosa karai, mtu wa kamati aliyekuwa anasimamia akawaambia chukueni lile sufuria la stoo, bovu lile. Nililikuta limelala ubavu chini ya mparachichi. Ndani saruji imeganda unene wa vidole vitatu, na koleo limevunjikia humo humo. Nje nikapangusa kwa kiganja. Majina bado yako. Kuna la 1998. Kuna la marehemu mmoja tuliyemaliza naye, tulimzika Mwanga miaka minne iliyopita, na sehemu nyingine ya kuliona jina lake kwa mwandiko wake mwenyewe sidhani kama mama yake anayo.

Niliketi kwenye kimbweta kama dakika ishirini hivi. Mzee mlinzi akaniletea chai. Hatukuongea.

Sasa tuje kwenye hii "Usiku wa Wahitimu".

Mwaka jana mila ya tarehe 27 ilihamishiwa hoteli moja Arusha. Tiketi 120,000 kwa kichwa, na mezani kuna daraja, wenye utepe wa dhahabu mbele, sisi wengine karibu na spika. Nilikwenda, nikasema ngoja nione kwa macho yangu. Mbele ya mlango walisimama wanafunzi sita wa bwenini, wamevalishwa fulana za kamati, wamebeba trei za sambusa. Nikamuuliza binti mmoja anatoka wapi. Kasulu! Nusu nianguke. Nikamuuliza kwa Kiha kama ameshakula, akaangalia chini akaniambia, "Bado kaka, tumeambiwa tutakula wageni wakimaliza." Walikula saa tano usiku kwenye mlango wa jikoni, wamesimama, kisha wakapakiwa kwenye kosta kurudi Moshi. Na wale wengine waliobaki bwenini bila kwao hawakuona hata ganda la ndizi.

Mtoto wa fasti yia anamshikia trei mtu mzima aliyenawishwa na wa zamani wake. Mmegeuza kitu juu chini na bado mnajimwambafai jukwaani mnaongelea "kurudisha kwa jamii".

Nilipolalamika kwenye grupu, katibu akanijibu kwamba hata vyuo vikubwa duniani alumnai wanakutana kwa dina ya tai. Kaka yangu, soma vizuri. Kule Oxford vyuo vyao vya kulala vina hiyo dina, wanaiita Gaudy, ni kweli watu wanavaa tai. Lakini wanakula ndani ya chuo chao wenyewe, kwenye ukumbi ule ule waliokula wakiwa wanafunzi. Hawahamii hoteli ya mji wa jirani. Na huna haja ya kwenda mbali. Binamu yangu alisoma Makerere, ana kitambi na wajukuu wawili, ila mtajie Lumbox, ule umoja wa mabweni ya Lumumba Hall na Mary Stuart, uone kama hatasimama kwenye kiti. Hajawahi kuuziwa tiketi ya kuwa mtu wa Lumumba.

Halafu hili la usajili. Tumeuliza mara ngapi? Jumuiya kama hii inapelekwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Unaandaa katiba, unapata cheti, unafungua akaunti benki, anasaini zaidi ya mtu mmoja. Siyo sayansi ya roketi. Tuko Moshi jamani, mji ambao wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, wengi wao hata darasa hawakuliona. Sisi na digrii zetu tunatuma pesa kwa shemeji.

Ninachotaka ni hiki, na sipunguzi. Risiti za "mengineyo" zipandishwe kwenye grupu, moja moja. Tangi lipandishwe mnarani kabla ya chuo kufunga. Hiyo tiketi ya mwaka huu mkae nayo. Na aliyetoa sufuria kwa mafundi aje mwenyewe bwenini. Huku uchagani ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, basi alilete tu, mzee mlinzi atalipokea kwa niaba yetu.

NYONGEZA: Naona chawa wameshafika. Anayesema nina wivu kwa kuwa sikupewa cheo: nilipigiwa simu niwe mkaguzi, nikaomba kuona vitabu kwanza, hawakupiga tena. Anayesema "haya mambo yanazungumzwa ndani": ndani niliondolewa jana saa mbili usiku na admini wa grupu, ndiyo maana niko hapa. Anayeuliza kama wanafunzi wenyewe wamelalamika: wewe ungelalamika, fasti yia, kwa watu wanaotajwa kukutafutia nafasi ya mafunzo kazini?

NYONGEZA 2: Kwa walionipigia, asanteni. Tarehe 27 tunapika bwenini kama zamani, hakuna tiketi, hakuna utepe. Mpaka sasa tuna mkungu mmoja kutoka Marangu, mbuzi nimeahidiwa nusu bei na mtu wa Boma Ng'ombe, na kuna dada wa bloku ya pili analeta mchele. Mwenye jagi na beseni kubwa aje nalo.

Sufuria nimelichukua, liko nyuma ya nyumba yangu Njiro. Kila jioni nalitoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu nisilitoboe, nimefika nusu. Chini kabisa imeshikana vibaya. Kama kuna fundi humu anayejua dawa ya kulainisha saruji iliyoganda bila kula alumini, aniambie leo leo. Na kwa tahadhari, mwenye sufuria kubwa la shughuli la kuazima siku moja, Moshi mjini au Rau, aje PM.